Hank Mobley: Bingwa wa Uzani wa Kati

Utangulizi

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta katika ukurasa huu habari za washairi, wanasarufi na waandishi wa riwaya. Safari hii tunaomba ruhusa yao tutoke kidogo nje ya boma. Tunataka kuzungumza juu ya mpiga saksafoni wa Marekani aitwaye Hank Mobley, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1986. Hakuwa mtu wa Kiswahili. Hata hivyo, tumejifunza kwake jambo ambalo linatuhusu sana sisi tunaofundisha watu kusema na kuwasahihisha wanaposema.

Habari yenyewe ilianza darasani. Muhula uliopita tulikuwa tukifundisha fasihi simulizi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, na mada ilikuwa utungaji wa papo kwa hapo. Tuliwapigia muziki wa watu wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa John Coltrane, na darasa zima lilinyamaza kana kwamba mvua ya mawe imeanza kupiga bati. Wa pili alikuwa Hank Mobley. Baada ya dakika mbili mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyu mbona kama anazungumza tu?"

Wenzake walicheka. Nasi tulicheka. Lakini tulipofika nyumbani jioni swali lile lilitukaa rohoni, maana mwanafunzi alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Kwanza tutafafanua neno jazi, kisha tutaeleza maisha ya Mobley na mtindo wake, na mwisho tutasema kwa nini tunadhani mwalimu wa lugha anapaswa kumsikiliza.

Jazi ipi?

Ni vyema tuanze na neno. Mtu wa Tabora au Morogoro akisikia neno jazi, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye magitaa. Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz ya Dar es Salaam, na kule Kongo OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956 wakati Kinshasa ingali ikiitwa Léopoldville, zote hizo ni bendi za muziki wa dansi. Hapa tunaona mfano mzuri wa neno kuvuka bahari na kupata maana mpya upande wa pili. Kwetu jazi ilikuja kuwa jina la bendi, kama vile mtu angesema "klabu" au "chama".

Jazi tunayoizungumzia leo ni ile ya Wamarekani weusi wenyewe, iliyochipuka mwanzoni mwa karne ya 20 na kupitia mitindo mingi. Katika miaka ya 1940 vijana wa New York, wakiongozwa na Charlie Parker na Dizzy Gillespie, waliunda mtindo ulioitwa bibopu. Ulikuwa muziki wa kasi, wenye sauti zilizosukwa kwa utata, na watu waliuketia wausikilize badala ya kuuchezea. Katikati ya miaka ya 1950 kizazi kilichofuata, hasa vijana wa New York, Philadelphia na Detroit, kilichukua ujuzi wa bibopu kikaurudishia mambo mawili ambayo kiliona yameanza kupotea: bluzi na nyimbo za kanisani. Mtindo huo ndio hadibopu. Ngoma yake ni nzito na thabiti, na nyimbo zake mtu anaweza kuziimba kwa mluzi akienda sokoni.

Mwanafunzi wa ushairi hatapata shida kuelewa muundo wake. Wapigaji huanza kwa kupiga pamoja wimbo mfupi, tuuite kiini. Kiini kikiisha, kila mmoja kwa zamu hutunga wimbo wake mwenyewe papo hapo, lakini juu ya mfuatano uleule wa sauti za piano na kwa urefu uleule wa vipimo. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, na nyimbo nyingi nyingine zina vipimo 32 vilivyogawanywa mafungu manne ya vipimo vinane vinane. Wote wakishamaliza zamu zao, kiini hurudiwa na wimbo hufungwa. Malenga aliyepewa kibwagizo na kuambiwa atunge beti bila kuvunja vina wala mizani anafanya kazi ya aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mwanajazi hana kalamu wala nafasi ya kufuta.

Maisha yake

Henry Mobley, aliyejulikana kama Hank, alizaliwa tarehe 7 Julai 1930 katika mji mdogo wa Eastman, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alilelewa Elizabeth, jimbo la New Jersey, mji ulio karibu na Newark na usio mbali na New York. Nyumba yao ilikuwa ya muziki. Ami yake, Dave Mobley, alikuwa akipiga ala kadhaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliugua akalazimika kukaa nyumbani kwa miezi. Bibi yake alimnunulia saksafoni ili apate cha kumshughulisha. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu wengi hudhani kuwa msanii lazima aanze akiwa mtoto mchanga. Mobley alianza akiwa na umri wa mwanafunzi wa sekondari, ndani ya nyumba, bila shule ya muziki, akijifunza kwa vitabu na kwa kusikiliza santuri.

Ami yake alimpa mawaidha ambayo Mobley aliyakumbuka hata utu uzimani. Alimwelekeza kwanza amsikilize Lester Young, mpiga saksafoni aliyesifika kwa ulaini. Kisha akamwambia kwamba ukipiga na mtu anayepiga kwa nguvu, wewe piga taratibu; akienda mbio, wewe punguza mwendo; ukijaribu kufanya kilekile anachokifanya yeye, umejitia matatani. Tumeyatoa mawaidha hayo kwa maneno yetu, na tutayarudia mbele, kwa kuwa tunaamini maisha yote ya Mobley yalikuwa ufafanuzi wake.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 19, aliajiriwa katika bendi ya Paul Gayten iliyokuwa ikipiga muziki wa ridhimu na bluzi. Mwaka 1951 alikuwa akipiga Newark pamoja na mpiga piano Walter Davis Mdogo. Max Roach, mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa bibopu, aliwasikia akawachukua wote wawili. Mwaka 1954 alipiga na Dizzy Gillespie mwenyewe. Katika muda wa miaka mitano hivi kijana wa Elizabeth alikuwa amefika kwa waasisi.

Mwishoni mwa mwaka 1954 mpiga piano Horace Silver aliwakusanya watu wanne kurekodi kwa kampuni ya Blue Note: Mobley, mpiga tarumbeta Kenny Dorham, mpiga besi Doug Watkins, na mpiga ngoma Art Blakey. Kikundi hicho ndicho kilichokuja kujulikana kama Jazz Messengers, yaani Wajumbe wa Jazi, na wanahistoria wengi wa muziki hukitaja kuwa chimbuko la hadibopu. Mwezi Novemba 1955 walirekodiwa wakipiga mbele ya watu katika ukumbi wa Cafe Bohemia, New York. Mwaka 1956 kikundi kilivunjika, Blakey akabaki na jina na kuliendeleza kwa miaka mingi.

Kampuni ya Blue Note inastahili neno moja. Ilianzishwa mwaka 1939 na Alfred Lion, Mjerumani aliyehamia Marekani, na baadaye akaungana na rafiki yake Francis Wolff, mpiga picha. Tofauti na kampuni nyingi za wakati huo, ilikuwa ikiwalipa wanamuziki hata kwa siku za mazoezi. Hapo ndipo Mobley alipopata makao. Kati ya mwaka 1955 na 1970 aliirekodia kampuni hiyo zaidi ya santuri 20 akiwa kiongozi, mbali na zile alizowasindikiza wenzake. Nyimbo nyingi kati ya hizo alizitunga yeye mwenyewe.

Lakini upande wa pili wa shilingi haukuwa mzuri. Kama wengi wa rika lake, Mobley aliingia katika dawa za kulevya, akakamatwa na kufungwa zaidi ya mara moja. Hatukusudii kulipamba jambo hili wala kulificha. Lilimnyang'anya miaka ambayo ilipaswa kuwa ya kazi, na lilimdhoofisha mwili.

Mwaka 1961 alijiunga na bendi ya Miles Davis. Kwa mpiga saksafoni wa zama zile hakukuwa na kiti cha juu kuliko hicho, na hakukuwa na kiti cha moto kuliko hicho, kwani kiliwahi kukaliwa na John Coltrane. Katika santuri iitwayo Someday My Prince Will Come, iliyorekodiwa Machi 1961, Coltrane alirudi kama mgeni. Katika wimbo uliobeba jina la santuri hiyo wote wawili wanapiga solo. Basi msikilizaji yeyote duniani anaweza kuwalinganisha ndani ya wimbo mmoja, na watu hawajaacha kuwalinganisha tangu siku hiyo. Davis mwenyewe aliandika baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba kupiga na Mobley hakukumchangamsha. Mobley alitoka katika bendi hiyo kabla ya mwaka 1962 kumalizika.

Aliendelea kurekodi, mara nyingi akiwa na mpiga tarumbeta Lee Morgan, kijana wa Philadelphia. Santuri za No Room for Squares, The Turnaround na Dippin' ni za miaka hiyo ya kati ya 1963 na 1965. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Ulaya, na Julai 1969 akarekodi santuri ya The Flip mjini Paris. Julai 1970 alirekodi kwa Blue Note mara ya mwisho. Mwaka 1972 alirekodi Breakthrough! pamoja na mpiga piano Cedar Walton. Tangu katikati ya miaka ya 1970 aliishi Philadelphia, mapafu yake yakiwa mabovu, saksafoni ikiwa imenyamaza, na hali yake ikiwa ya ufukara. Alifariki hapo tarehe 30 Mei 1986 kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 55.

Mtindo wake

Tuje sasa kwenye swali la mwanafunzi wetu. Kwa nini Mobley anasikika kama anazungumza?

Jibu la kwanza ni sauti yenyewe. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyepata hataza yake Ufaransa mwaka 1846. Ile ya tenori ina upana wa sauti unaokaribia ule wa mwanamume mtu mzima, na ndiyo maana kila mpigaji huonekana kuwa na "koo" lake. Coltrane aliipa makali kama ya chuma. Sonny Rollins, aliyezaliwa mwaka mmoja na Mobley, aliipa unene na mzaha. Mobley alisema kwamba hakutaka sauti kubwa wala ndogo; alitaka sauti ya mviringo. Hakika sauti yake haina pembe. Haigongi sikio mlangoni, huingia ikakaa.

Jibu la pili ni mpangilio wa sentensi. Hapa tunawaomba walimu wa ushairi wasikilize kwa makini. Tunapofundisha ushairi huria huwaeleza wanafunzi juu ya mishata, yaani mishororo ambayo maana yake haikamiliki mwishoni mwa mstari bali humwagikia mstari unaofuata. Mpigaji wa kawaida hufuata vipimo kama mtunzi anayefunga kila mshororo kwa kina: kipimo kinapoisha, naye anapumua. Mobley ni mtu wa mishata. Huanza kusema pale ambapo fungu halijaanza, huvuka mpaka bila kusimama, na humaliza katikati ya kipimo kingine, mahali ambapo hukutegemea na ambapo, ukishafika, unaona hapakuwa na mahali pengine panapofaa. Mara nyingi huchelewa kidogo nyuma ya mapigo ya ngoma, kama msimulizi anayejua kwamba hadhira haitaondoka.

Jibu la tatu ni uchaguzi wa maneno. Kila mwanajazi ana akiba ya vifungu alivyokariri, kama vile mtu anayejifunza lugha alivyo na akiba ya salamu na methali. Akikosa la kusema hutoa kimoja. Mobley naye alikuwa na akiba yake, lakini husikii ikiwekwa juu ya wimbo kama kiraka. Kila kifungu kinatokana na kilichotangulia. Akitaja noti tatu, atazirudia kwa kuzigeuza, atazijibu, kisha atazipeleka mahali pengine. Wenzetu wa isimu wangesema matini yake ina mshikamano.

Ushahidi bora wa haya yote ni santuri ya Soul Station, iliyorekodiwa tarehe 7 Februari 1960 katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey. Wapigaji ni wanne tu: Mobley, Wynton Kelly kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Art Blakey kwenye ngoma. Nyimbo ni sita, nne kati ya hizo utunzi wa Mobley. Hakuna tarumbeta ya kumpokea akichoka, kwa hiyo uzito wote uko juu yake.

Santuri inafunguliwa kwa Remember, wimbo wa Irving Berlin wa mwaka 1925. Mobley anauchukua kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na solo yake inatokana na wimbo kama tawi na shina. Wimbo wa pili, This I Dig of You, ni wa kwake mwenyewe, nao unakwenda kasi zaidi. Hapo ndipo mtu anapogundua kuwa ule utulivu haukuwa udhaifu: vidole vinakimbia, sauti haipandi, hakuna neno linalomezwa. Katika Dig Dis, ambao ni bluzi, anaongea lugha ya wazee wake bila kujikweza. Tunamshauri msomaji asikilize nyuma ya saksafoni pia. Blakey alikuwa mpiga ngoma mwenye ngurumo, na Mobley hajaribu hata mara moja kumshinda kwa sauti. Mawaidha ya ami yake yamefika.

Tatizo la tafsiri

Mwandishi Leonard Feather alimpa Mobley sifa ambayo imemganda hadi leo: bingwa wa uzani wa kati wa saksafoni ya tenori. Alichukua lugha ya ngumi. Katika ngumi, mabondia hugawanywa kwa uzito wa mwili. Wako wa uzani wa juu, wa kati na wa chini, na kila uzani una bingwa wake. Feather alikuwa akieleza ukubwa wa sauti: Coltrane na Rollins wana sauti nzito, Stan Getz ana sauti nyepesi, Mobley yuko katikati, na katika nafasi hiyo yeye ndiye bingwa.

Tazama kilichotokea. Watu walisoma kirai kizima lakini wakakumbuka nusu yake. Walishika "wa kati" wakaacha "bingwa". Kivumishi kikaimeza nomino. Uzani wa kati ukageuka kuwa daraja la kati, na mtu aliyesifiwa kwa ubingwa akawa ndiye mfano wa wastani. Kila mwalimu wa tafsiri anajua hatari hii. Kwa Mobley haikuwa mchezo wa maneno, bali ilikuwa sehemu ya riziki yake.

Hebu tuangalie rafu za kampuni yake. Santuri ya A Slice of the Top, ambamo alitungia kundi kubwa lenye hata tuba, ilirekodiwa Machi 1966 ikatolewa mwaka 1979. Third Season ilirekodiwa 1967 ikatoka 1980. Poppin' ya mwaka 1957 nayo ilisubiri hadi 1980. Another Workout ya mwaka 1961 ilitolewa 1985, na Thinking of Home ya mwaka 1970 ilitolewa 1980, yeye akiwa hapigi tena. Si yeye peke yake aliyewekwa rafuni, kwani Blue Note ilirekodi zaidi ya ilivyoweza kuuza, na iliuzwa kwa kampuni nyingine mwaka 1965. Lakini mwaka 1973, alipohojiwa na jarida la Down Beat, Mobley alilalamika waziwazi kwamba kazi zake zimelazwa huko. Mtu anayeongea taratibu alilazimika kupaza sauti, na bado hakusikika haraka.

Kiswahili kilipopita karibu

Wanafunzi hupenda kuuliza kama Kiswahili kiliwahi kuingia katika jazi hii. Kiliingia, na kwa mlango wa heshima. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, kazi iliyotungiwa maneno na mshairi Langston Hughes, na ndani yake Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akighani kwa Kiswahili. Mwaka 1964 Lee Morgan, mwenzake Mobley, alirekodi wimbo aliouita Mr. Kenyatta, ikiwa ni miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru.

Wa tatu yuko karibu zaidi. Mwaka 1963 Mobley alipoanza kurekodi No Room for Squares, aliyekaa kwenye piano alikuwa kijana Herbie Hancock, na katika mwezi huohuo wa Machi Mobley naye alipiga katika santuri ya Hancock. Miaka michache baadaye Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye akawa Mwandishi, mpiga besi wake akawa Mchezaji, mpiga ngoma akawa Jabali, mpiga tarumbeta akawa Mganga. Santuri yao ya mwaka 1971 inaitwa Mwandishi.

Alama tulizotoa

Tumefika kwenye sababu iliyotufanya tuandike. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisahihisha mtihani wa kuzungumza. Hapa kwetu, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa wanafunzi walio wengi, mtihani huo unaogopwa kuliko mwingine wowote. Mwanafunzi mmoja aliingia kwa kishindo. Alitupa methali saba, akatumia maneno mazito, akapunga mikono. Tulimpa 78. Aliyemfuata aliongea kwa sauti ya chini, bila methali hata moja, akawa anatua kabla ya kujibu. Tulimpa 61.

Mwishoni mwa muhula tulihitaji mifano ya upatanisho wa kisarufi kwa ajili ya somo jingine, tukarudi kusikiliza kanda za mtihani ule. Yule wa kwanza alikuwa amekwepa maswali mawili kati ya matatu, na ngeli zake zilipishana njiani. Yule wa pili hakuwa amekosea upatanisho hata mara moja. Kila jibu lilishika mkia wa swali. Kule kutua tulikodhani ni kukosa maneno kulikuwa ni kuyachagua. Matokeo yalikuwa yamekwisha kubandikwa na kupitishwa. Tulimwita mwanafunzi yule tukamweleza tulivyokosea. Alitusikiliza, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akatoka. Hata hiyo aliisema taratibu.

Tangu hapo hatutoi alama ya kuzungumza kabla ya kusikiliza kanda mara mbili. Mara ya kwanza tunasikia nani ana sauti, na mara ya pili tunasikia nani ana la kusema. Kazi imeongezeka, na hatuna nyongeza ya mshahara kwa ajili yake, lakini usingizi umekuwa mtamu zaidi.

Hitimisho

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Lakini tujihadhari tusiigeuze methali hiyo kuwa kanuni, kwani Coltrane alivuma na hakuwa tupu. Kukubali ukubwa wa mmoja hakutulazimishi kumpunguza mwingine. Kosa la wasikilizaji wa Mobley lilikuwa kumpima kwa kipimo cha mtu mwingine, jambo ambalo ami yake alikwisha mwonya yeye mwenyewe asijifanyie. Yeye alitii. Waliokuwa wakimsikiliza hawakutii.

Leo hii Soul Station hutajwa na wengi miongoni mwa santuri bora za hadibopu, na zile zilizolazwa rafuni zote zinapatikana. Aliyezipiga hakuishi kuona heshima hiyo ikikamilika. Walimu wenzetu wanaopenda wanaweza kuutumia wimbo wa Remember katika somo la mishata: wapigieni wanafunzi dakika tatu za mwanzo, waambieni waweke alama kwa penseli kila mahali wanapodhani sentensi imekwisha, kisha walinganishe alama zao. Hazitalingana, na hapo ndipo mjadala utakapoanza.

Na kwa mwanafunzi aliyeuliza mbona mtu huyu anazungumza tu, tunajibu: ndiyo, anazungumza. Keti karibu, tumsikilize mara ya pili.